Kambare Ndani ya Tangi la Memsahib

Jumapili, Ruiru. Baridi ya Julai, na ukungu umekaa juu ya mibuni mchana kutwa.

Naandika upesi kabla giza halijaingia. Siku hizi laini ya wafanyakazi, vibanda tunamolala, hairuhusiwi taa, na mtu akionekana na kalamu gizani ataulizwa anamwandikia nani.

Ni habari ya samaki. Wakati mwingine ningecheka.

Memsahib ana tangi la kioo sebuleni, kubwa kama sanduku la nguo. Ndani kuna changarawe, na majani ya mtoni aliyoyapanda mwenyewe, yamesimama kwenye maji kama kishamba kidogo. Samaki wadogo wa rangi hupita katikati yake. Mimi natandika vitanda, napanguza vumbi, na kulitia tangi maji mapya. Nayateka kutoka pipa la jikoni, lile lile analotumia mpishi.

Juzi Bwana, mumewe, ambaye ndiye meneja wa shamba hili la kahawa, alivua kambare mchanga bwawani akamtia humo. Hakuzidi kiganja changu. Memsahib alizipenda ndevu zake. Hakuna aliyejiuliza kama ataweza kukaa na wenzake. Akaingia chini ya majani na hatukumwona tena.

Leo asubuhi nilipofungua mapazia, maji yalikuwa machafu kama chai. Majani yalikuwa yameng'oka, yanaelea. Samaki wengi hawakuwapo, na mmoja mwekundu alikuwa juu, tumbo likiangalia dari.

Bwana aliinama akanusa.

"Sumu," akasema.

Wakati huu wa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, hilo si neno la kusemwa ovyo. Kwenye shamba la jirani ng'ombe walikufa, na watu wa jikoni wakabebwa kwa lori. Wengine hawajarudi. Ukiwa Mkikuyu na kitu kikafa karibu nawe, kwanza unaulizwa ulikula lini kiapo cha watu wa msituni.

Nilisimama na kitambaa mkononi. Maji natia mimi. Nilijua nilipaswa kusema hivyo. Badala yake nikaendelea kupanguza kioo.

Bwana hakunitazama hata. Alipita akaenda jikoni kwa Baba Njeri, mpishi wetu, yule aliyeniombea kazi hii baba yangu alipofariki. Alikuwa anakaanga mayai. Gadi wawili, walinzi wa serikali, waliitwa kutoka langoni.

"Songa, mzee," mmoja akamwambia, kwa Kikuyu chetu kabisa.

"Ngoja nivue aproni."

"Utaivulia huko kambini."

Alitoka nayo vile vile, nyeupe, na Bwana akawafuata kwa gari. Mayai yakaungua. Niliyatoa jikoni nikayamwaga, halafu nikakaa chini ya meza kama mtoto. Nilingoja waje kunichukua mimi pia. Kila mbwa aliyebweka nilidhani ni wao.

Aliyekuja ni Memsahib.

"Wanjiku, kuja. Saidia mimi."

Alikuwa amelia. Sijui kama alimlilia mpishi au samaki, na sikuthubutu kufikiria sana. Alinyoosha kidole kwenye tangi.

"Kila asubuhi napotea. Jana tatu. Leo mingi. Mchana hapana potea. Kwa nini?"

Siku hizi jibu lolote laweza kuwa la kukufunga. Lakini nilimwona akilini Baba Njeri na ile aproni, nikajikuta nasema:

"Memsahib, yule mwenye ndevu yuko wapi?"

Alinitazama. Halafu akaenda mwenyewe chumbani, akaleta blanketi zito, tukalifunika tangi mpaka chini, ndani kuwe giza kama usiku. Tukakaa kwenye sakafu, yeye na mimi, bega kwa bega. Sijawahi kukaa hivyo na Mzungu. Nilisikia akipumua. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo, nikiomba samaki mwingine afe. Ni ombi la ajabu kwa siku ya Jumapili.

Ndani ya tangi kitu kiligonga kioo.

Memsahib akalivuta blanketi. Kambare alikuwa katikati ya majani, na mkia wa samaki mdogo ukimtoka mdomoni, bado unachezacheza.

Memsahib alicheka kwa sauti. Kisha kicheko kikakatika, akakimbilia simu. Nilimsikia akisema Kizungu kwa haraka, akirudia jina la mpishi.

Kungoja baada ya hapo kulikuwa kubaya kuliko mwanzo. Sasa nilijua hana kosa, na niliogopa kwamba kule kambini hilo halimsaidii mtu.

Walimrudisha baada ya chakula cha mchana. Aproni ilikuwa na damu mabegani na sikio moja lilikuwa limevimba. Bwana alisita mlangoni kana kwamba anatafuta neno, kisha akasema, "Chai, tafadhali." Baba Njeri akatia maji kwenye birika.

Nilimletea kitambaa chenye maji baridi. Alikishikilia sikioni.

"Walikuuliza nini, baba?"

"Waliuliza nani mwingine anagusa maji."

Nilishindwa kumwangalia.

"Nikawaambia hakuna. Ni mimi tu." Akaondoa kitambaa, akakikunja upande mwingine. "Lete sukari, msichana. Wanangoja."

Nililia nikiwa nimeshika bakuli la sukari. Yeye alijifanya haoni.

Kambare amerudishwa bwawani ndani ya ndoo. Jioni Memsahib ameniambia kesho tunakwenda Thika, kwa Mhindi anayeuza samaki wa rangi. Anataka mimi nimchagulie wasiogombana, eti nina macho mazuri. Ameshaniandikia pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kutoka shambani.

Nimewaza tangu hapo jinsi ya kukataa, na sioni njia. Wakifa hawa, safari hii jina litakuwa langu. Kwa hivyo sitaangalia rangi. Nitamwomba Mhindi aniache nisimame hapo dukani nitazame midomo yao, nani mkubwa, nani anamfukuza mwenzake, nani hujificha. Nitachukua wadogo wa kimo kimoja, wanaotembea kundi moja, na wachache tu. Akinionyesha mzuri aliye peke yake kwenye chombo chake, nitamuuliza kwa nini yuko peke yake.

Na kesho asubuhi, kabla ya safari, nitamwambia Baba Njeri asante. Leo nimeshindwa.