Pilau ya Waziri wa Ardhi

Alhamisi, 4 Septemba

Nilikuwa nachagua mchele wa jana kutoka Wang'uru. Mawe mengi, sijui siku hizi wanauanika wapi. Redio ikakatiza wimbo: Rais anatangaza baraza jipya la mawaziri. Mtaa wote wa Majengo kimya. Kila jina likisomwa, kinyozi jirani anataja kabila la mwenye jina, kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Wetu. Si wetu. Wetu. Mtu wa hapa Nyeri akapewa wizara ya Ardhi, mji ukalipuka kwa honi. Nikamuuliza kinyozi, na sisi wa hapa msikitini tunahesabiwa upande gani? Akacheka, ati niko na maneno mingi. Babu yangu amezikwa mji huu. Chai imenishinda kwa hasira.

Lakini Ardhi! Hiyo siwezi kuipuuza.

Jumamosi, 6 Septemba

Mzee Gathogo amekuja, mwenyekiti wa kamati ya kumpokea waziri. Ng'ombe tayari, hema tayari, imebaki pilau, na mpishi ni mimi. Nimekubali kwa sharti moja: nipewe maikrofoni niseme neno. Kuna tajiri anayedai ardhi yetu ni yake, amepiga vigingi nyuma ya nyumba zetu, kimoja amekichomeka jikoni kwangu kabisa. Mama yangu alizaliwa kwenye nyumba hii, mimi nikazaliwa humu, na mtaa mzima hatuna hati ya ploti. Asipozuiwa, tutalala nje. Mzee ameapa kwamba nitaongea.

Jumatano, 17 Septemba

Kikao cha kamati. Asubuhi yote wamegombania nani atakaa mstari wa mbele. Wasemaji wamepangwa, mimi simo. Ati Mheshimiwa asiletewe malalamiko siku ya furaha. Furaha ya nani? Mzee Gathogo alikuwa anatazama viatu vyake.

Nimenyamaza. Mimi nikinyamaza, watu waogope.

Jumamosi, 20 Septemba

Nguo zinanuka moshi, mgongo umekatika, lakini lazima niandike.

Hotuba, hotuba, hotuba. Kila aliyesimama alihesabu viti. Sisi tumepata wizara ngapi, wale wamepata ngapi, zamani tulikuwa na ngapi. Hakuna aliyetaja maji wala barabara wala ploti. Kisha wakatangaza chakula. Nikavuta kigoda changu, nikakaa mbele ya sufuria zangu, makaa bado mekundu juu ya vifuniko. Nikasema sufuria hazifunuliwi mpaka niongee. Mzee Gathogo akaja mbio. "Mama Rukia, utatuaibisha!" Nikamwambia aibu ni yake yeye aliyeapa. Wageni wakaanza kunung'unika. Wanaume wazima na suti zao, hakuna aliyethubutu kugusa makaa yale. Mwishowe Mheshimiwa mwenyewe akacheka, akasema mama apewe maikrofoni.

Nimesema yote. Vigingi, jiko, makaburi ya wazee wetu. Akaahidi mbele ya umati kwamba Jumatatu wapimaji watafika. Pilau ya chini iliungua kidogo. Waliila na ukoko wake.

Jumatatu, 22 Septemba

Wamekuja! Wapimaji wawili na gari la serikali. Wamepima mtaa wote, wameng'oa kile kigingi cha jikoni. Faili linapelekwa Nairobi, imebaki sahihi ya waziri tu. Nimelia kama mtoto, na Mama akanicheka.

Jumatatu, 6 Oktoba

Rais amebadilisha mawaziri. Wa kwetu amehamishwa, amepewa Michezo.

Michezo! Na hajasaini. Nimempigia simu msaidizi wake. Ati faili limebaki kule Ardhi, waziri mpya si mtu wa huku, tutafute mtu wa kwao atuombee. Yaani haki yangu inahama na mtu kama godoro lake! Kinyozi naye anapiga kelele nje ati tumenyang'anywa. Amenyang'anywa nini? Shamba lake liko Tetu, hati iko sandukuni. Yeye analilia kiti. Mimi nalilia nyumba.

Jioni kigingi kimerudi jikoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Kamati imerudi, haina hata haya. Wanakwenda Nairobi kwa basi kumshukuru Rais kwa kutowaacha mikono mitupu, wanataka pilau ya safari. Nimewatoa mbio. Niliyowaambia sitayaandika, Mungu anisamehe.

Walipoondoka, Mama Njoki wa kibanda cha mboga, aliyekuja nao, alikuwa bado amesimama mlangoni. Kila Jumapili yuko kanisani mstari wa mbele, na siku ya sherehe alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akaniambia polepole, "Hata mimi sina hati, Mama Rukia. Kigingi iko kwa choo yangu. Na mimi ndio wale wanaitwa wetu."

Sikujua. Miaka yote hii jirani yangu, sikujua. Nilimkaribisha ndani, nikampa chai, tukapanga kwenda ofisi ya ardhi wenyewe.

Jumanne, 14 Oktoba

Manyunyu tangu alfajiri. Tumekwenda ofisi ya ardhi ya hapa mjini kwa miguu, akina mama wa mtaa, wa msikitini na wa kanisani. Tumepanga foleni. Karani, kijana mpole, aliuliza tumetumwa na nani, tuko na mtu gani huko juu. Mama Njoki akanitazama. Nikasema hatuna.

Akafikiri kidogo, akatuletea viti. Ombi linaweza kuanzia pale kwake, alisema. Turudi wiki ijayo na mzee aliyezaliwa mtaani, ashuhudie ni akina nani wamekaa hapo tangu mwanzo.

Nimemweleza Mama. Amelipiga pasi buibui lake jeusi, akalitundika mlangoni. Nikamwambia, Mama, ni wiki ijayo.

Anajua, amesema.