Kitufe cha Kijani

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu, pamoja na huyo mtoto ambaye bado sijapata bahati ya kumbeba. Natumaini nyote hamjambo, kazi ya machimboni inakwenda, na lile vumbi limeacha kukusumbua kifua. Sisi huku tu wazima, ingawa neno hilo safari hii nimeliandika kwa kusitasita. Mama yu hai. Nakwambia mapema ili usianze kuruka mistari ukimtafuta. Ila nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza, mpaka mwisho, ndipo umwite mkeo.

Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, haipatikani. Siku hizi huku kwetu mto wenyewe unatupigia, lakini kaka yangu wa tumbo moja lazima nimtume dereva wa lori la unga amfuate. Usicheke, mto unatupigia kweli. Baada ya yale mafuriko yaliyomchukua fundi viatu na wanawe, watu wa bondeni na watu wa mlimani walikubali kukaa chumba kimoja na kuzungumza, jambo ambalo hata misiba ilikuwa imeshindwa kulifanya. Tukachanga, tukasaidiwa, na sasa kule juu mtoni kuna chombo kinachopima maji. Maji yakipanda, chombo kinatuma habari hewani, bila waya wowote, na katika kila nyumba kuna kisanduku kidogo kinacholia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Kikilia kinawaka taa nyekundu. Wewe ukiwa huna shida unabonyeza kitufe cha kijani, taa inageuka, na sisi wanakamati, pamoja na yule aliyepangiwa kukufuata, tunaona kwenye simu zetu kwamba nyumba yako haihitaji mtu. Nyumba itakayobaki nyekundu inafuatwa.

Na wa kuifuata anajulikana. Kila nyumba ya bondeni ilipewa mwenzake wa mlimani kwa kura, na kura hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Mama alitia mkono kwenye ndoo, akatoa karatasi, akanipa nimsomee kwa kuwa miwani yake alikuwa ameisahau. Nilitamani na mimi ningekuwa nimesahau macho. Karatasi ilikuwa na jina la Fundi seremala, baba mkwe wako.

Unajua mambo yalivyokuwa tangu mlipoondoka na binti yake bila kumuaga mtu. Mama alisema binti wa Fundi kamwibia mwana, Fundi akasema mwana wa Mama kamwibia binti, na kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake arudishe mali ya wizi. Salamu zilikatika. Wakikutana njiani, mmoja anageuka kuangalia mawingu. Basi siku ya kura Mama alisimama akaomba abadilishiwe, akasema heri azame kuliko kuokolewa na mtu yule, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti wetu, yule mkunga aliyetuzalisha mimi na wewe, hakucheka. Alimwambia kwamba nusu ya watu waliomo chumbani wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa anataka kudakwa na nani. Mama akakaa. Nyumbani alikitundika kisanduku msumarini juu ya kitanda chake, akasema ataona nani atamshinda.

Maji yalikuja Jumatano mchana, jua likiwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbali juu, sisi hata tone hatukuliona. Nilikuwa kazini kwenye tanuri la mikate, ng'ambo ya mto, mikono imezama kwenye donge la unga, simu ikaanza kulia. Nilikimbilia darajani nikakuta askari wamelifunga, hakuna kuvuka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi siku hiyo nilikuwa fimbo ya ng'ambo, nimeshika simu iliyojaa unga, naangalia nyumba zote za bondeni zikiwa nyekundu.

Kisha moja ikageuka kijani, ya kwanza kabisa kabla ya zote. Ilikuwa ya kwetu.

Kaka, nilipumua. Nikadhani majirani wameshamtoa. Vijana wa kamba, wale wanaookoa watu majini, walikuwa wamefika kwenye kona ya kichochoro chetu, wakanipigia kuuliza kama waingie kwa Mama au waendelee, maana maji yalikuwa yanapanda na hawakuweza kuwa kila mahali. Niliwaambia Mama yuko salama, waende kwa mshonaji mwenye mtoto mchanga. Wakaenda, na yule mama na mwanawe wakapona. Mimi ndiye niliyewaambia waipite nyumba yetu. Hata nikilala naisikia sauti yangu ikisema maneno hayo.

Baada ya hapo nikampigia Mama ili nimsikie tu. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Nikapanda juu ya paa la tanuri, na kutoka pale nikaona kichochoro chetu hakipo, pamebaki maji mekundu yamefika madirishani. Hapo ndipo nilipojua maji yamezidi unga, nikakaa chini juu ya mabati ya moto.

Yaliyotokea ndani amenisimulia Mama mwenyewe, akiwa hanitazami. Alikuwa kitandani, lile goti lake bovu amelipandisha juu ya mto. Kisanduku kilipolia alijua akikiacha na taa nyekundu, Fundi ataingia chumbani kwake na kumkuta amelala kama mzigo, kanga ya kulalia mwilini, nyumba haijafagiliwa. Akaona maji yataishia kizingitini kama miaka mingine, na heri maji kizingitini kuliko mtu yule. Akanyoosha mkongojo, akabonyeza kijani. Kisanduku kikishageuka kijani hakirudi nyuma. Maji yalipoingia chini ya mlango alikuwa tayari ameshauambia mtaa mzima kwamba hamhitaji mtu, na simu alikuwa ameiacha jikoni.

Muuza mkaa alikuwa karakanani kwa Fundi wakati ule, na ndiye aliyetueleza ya upande huo. Anasema Fundi aliweka randa chini, akaitazama simu yake kwa muda, kisha akasema kwamba mwanamke yule ana miaka hajamwitikia salamu, sasa leo imekuwaje awe wa kwanza kuitika. Muuza mkaa akamwambia ashukuru, amepunguziwa kazi. Fundi alichukua mlango aliokuwa amemaliza kuupiga randa, mlango wa mteja, akauweka kichwani na kuteremka nao bondeni.

Aliingilia dirishani, maji yakiwa kifuani. Alimlaza Mama juu ya ule mlango, akamtoa kwa kuuelekeza huku anausukuma, na njia nzima, kaka, waligombana. Mama alimwambia yeye alishabonyeza kijani, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kuingia kwake. Fundi akamwambia aliiona hiyo kijani na ndiyo iliyomleta. Mama akalalamika kwamba mlango una vibanzi na unamchoma mgongo. Fundi akamwambia malalamiko ampelekee mwenye mlango. Mama akifika hapo kwenye masimulizi anacheka, na haendelei tena. Inabidi niendelee mimi.

Nimezunguka sana, najua. Nimekupa habari za kura na za mkate kwa sababu mkono ulikuwa unakataa kufika hapa. Kwenye ngazi za shule watu walimpokea Mama wakamvuta juu. Fundi alibaki chini ameushikilia mlango usichukuliwe, kwa kuwa ulikuwa wa mtu. Gogo likaja na maji, likampiga kichwani na mbavuni. Vijana wa kamba walimtoa, wakamkimbiza hospitali, na yuko huko mpaka leo. Hajafumbua macho. Daktari hasemi ndiyo, hasemi hapana, anatuambia tumwite mtoto wake. Mtoto wake ni mmoja tu, nawe unalala naye nyumba moja. Mwambie polepole, kaka, umshike mkono, kisha mpande lori hilihili likirudi. Dereva nimeshamwomba awasubiri. Mje na mtoto.

Mama anasema alipovutwa juu ya ngazi aligeuka ili amwambie asante. Anasema neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Alipogeuka, gogo lilikuwa limeshapita.

Matope tumeyatoa, tumerudi nyumbani, alama ya maji iko ukutani juu ya kitanda. Leo ni Jumamosi, siku ya kujaribu visanduku. Vimelia, na nyumba moja moja zikajibu, bonde zima likawa kijani isipokuwa sisi. Nilifikiri Mama hajasikia, nikanyoosha mkono nimsaidie kubonyeza. Akanipiga kofi la mkono. Akaniambia nyumba hii ina mwenzake, na haibonyezi kitu mpaka mwenzake aje mwenyewe amuulize kama yu salama. Mwenyekiti amepiga simu, nikamweleza. Akasema tuiache.

Msalimie wifi yangu kabla hujamwambia, na baada ya kumwambia umsalimie tena. Mama naye anamsalimu. Amelitaja jina lake, kaka, na akaniuliza la mtoto, nami nikaona aibu kwamba mpaka leo hajawahi kuambiwa. Safirini salama.

Nafunga barua hii taa yetu ikiwa bado nyekundu. Mama ameketi kwenye kiti kilichoelekea mlangoni, kisanduku kiko mapajani.

Mimi mdogo wako,
Chiriku