Aliyeshinda Ashike Rimoti Mbovu

Mpendwa Mama,

Nimefungua duka lako leo asubuhi. Kufuli ilinisumbua mpaka jirani yako muuza viazi, Mama Wahu, akaja kunionyesha: unainua mlango kidogo kwa goti, ndipo unazungusha ufunguo. Alishangaa kwamba sijui. Mimi sikushangaa. Tangu niende Nairobi nimekuwa nikipita hapa Chaka kama mtu aliyesimama kununua petroli.

Ndani kila kitu kiko ulivyokiacha. Televisheni tatu, mashine tatu za gemu, mabenchi, na kile kipande cha katoni ukutani chenye maandishi yako ya wino mwekundu: "Mwenye ameshinda ashike rimoti mbaya." Vijana waliita pad. Wewe ulisema kitu chochote cha kubonyezwa mbele ya televisheni ni rimoti, na hakuna aliyekubishia kwa sababu swichi ya stima ilikuwa karibu na kiti chako.

Nakuandikia barua hii peupe kwa kuwa kosa langu nililifanya mbele ya watu. Nina aibu, Mama. Nimejaribu kuiita majuto, nimejaribu kuiita huzuni ya msiba, lakini jina lake ni aibu.

Nakumbuka siku mashine ya kwanza ilipoingia dukani. Ulikuwa ukiuza maharagwe na mahindi, na polisi mmoja aliyekuwa akihamishiwa Kitale akakuuzia yake, hakutaka kusafiri nayo. Ilikuja na rimoti mbili. Moja ilikuwa nzima. Nyingine kidude chake cha kuelekeza kilivuta kushoto chenyewe, mtu akielekea golini mchezaji wake anakimbilia kona. Wiki ya kwanza vijana wa soko nusura wapigane wakigombea ile nzima. Ukasimama katikati yao na aproni yako ya vumbi la mahindi ukauliza, "Nani ameshinda?" Mmoja akainua mkono kwa maringo. "Ni wewe mkali, sindio? Basi shika hii mbaya tuone hiyo ukali." Duka zima lilicheka, na sheria ikazaliwa.

Usiku ule ulinieleza huku ukichambua maharagwe. Ulisema, "Mwenye ameshinda atarudi tu, hata umfukuze. Mwenye ameshindwa ndio lazima umshike mkono, juu huyo akienda ameenda." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikukusikiliza vizuri. Nilitaka tu zamu yangu ya kucheza.

Halafu nikaenda sekondari, na huko nikajua kwamba mama za wenzangu walikuwa walimu, wauguzi, wakulima wa chai wa Tetu. Mimi nilikuwa mtoto wa Mama Gemu. Akina mama wa kanisani walisema unaharibu watoto wa watu, ingawa kila mtu Chaka alijua kwamba mwenye yunifomu ya shule hakuvuka mlango wako. Siku ya wazazi ulikuja na sweta yako ya kijani na chupa ya chai. Nikakuambia mkutano umeahirishwa, ukarudi nyumbani. Sijui kama uliamini. Sasa nadhani hukuamini.

Nilipopata kazi katika ofisi ya Nairobi ya kampuni ileile iliyotengeneza mashine zako, uliimba mpaka Mama Wahu akaja kuuliza kuna nini. Kitu ambacho sikukuambia ni kwamba kwenye mahojiano waliniuliza kuhusu nyumbani, na nikasema mama yangu ni mwalimu mstaafu. Uongo ulinitoka kwa urahisi mno, kana kwamba nilikuwa nimeuweka mdomoni miaka yote nikisubiri kuulizwa.

Kampuni yenyewe, ulijua, ilikuwa imeanza kuyumba. Zamani hakukuwa na mashine nyingine. Kisha wakaleta ile mpya, nyembamba, ya kung'aa, na watu wakaikimbia. Nilikuletea moja Krismasi. Uliiwasha, ikadai intaneti. Tukaipa intaneti ya simu yangu, ikadai kujisasisha. Stima ikapotea, ikaanza upya. Siku ya tatu uliifunika kwa kitambaa na kusema, "Hii si mashine, hii ni mgeni. Kila saa inataka kitu." Ukarudia zile kuukuu.

Mauzo yalipozidi kuanguka, mkurugenzi alituomba kila mmoja aandike mpango wa kuinusuru kampuni. Nilikaa na karatasi tupu wiki mbili. Jumamosi moja nikaja kwako, nikakaa jikoni ukimenya viazi, nikaweka simu mezani ikirekodi. Bado ninayo sauti hiyo. Kisu kinasikika, na jogoo wa Mama Wahu.

Nilikuuliza kampuni ilikosea wapi. Ulinicheka kwanza. Kisha ukasema, "Kwani hapa dukani wenye kucheza ni wangapi? Ni wawili. Na wenye wamesimama wakiangalia? Ni wanane. Sasa nyinyi mnauzia wale wawili, hawa wanane mnawaacha waende kwa simu." Ukasema mashine iuzwe na rimoti mbili kwa sababu hakuna mtu hucheka peke yake. Ukasema iweze kufunguliwa na fundi yeyote wa Nyeri mwenye bisibisi, na vipuri vipatikane, kwa sababu mashine inayokataa kufunguliwa ni kama mgonjwa anayekataa daktari. Icheze bila intaneti. Stima ikipotea, irudi pale mtu alipoachia. Mwisho ukaosha kisu, ukasema maneno yaliyobeba mpango mzima: "Hao walishinda miaka mingi, wakajiwekea rimoti nzuri. Warudishe. Washike mbaya wao, wape watu ile nzuri."

Niliyaandika yote. Niliyapamba kwa picha na mishale, nikayasoma mbele ya wakubwa, na katoni yako ikawa kichwa cha ukurasa wa kwanza. Walisimama wakapiga makofi. Mkurugenzi akauliza nimeyatoa wapi. Nikajibu, "Ni uchunguzi wangu wa miaka mingi." Jina lililo chini ya mpango ule ni langu peke yangu.

Kisha mkurugenzi akataka kuona mahali penyewe. Ningeweza kumpeleka Nanyuki au Karatina, lakini hakuna duka jingine lenye katoni ile. Nikakupigia kwamba nakuja na wageni. Sikukwambia zaidi.

Wewe ulisikia neno wageni ukachinja kuku.

Tulishuka garini watatu: mimi, mkurugenzi aliyetoka ng'ambo, na Otieno tunayefanya naye kazi. Ulikuwa umesimama mlangoni na ile sweta ya kijani. Uliita kwa sauti, "Baba!" Ndivyo ulivyoniita tangu kuzaliwa, kwa kuwa nilipewa jina la babako, na kwako mimi nilikuwa yeye amerudi. Uso wako wote ulikuwa unacheka. Nami, kabla hujafika, nikawageukia wenzangu nikasema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili nawe usikie na uelewe, "Huyu ni mmoja wa wateja wetu wa muda mrefu."

Mikono uliyokuwa umeifungua uliifuta kwenye sketi, ukampa mkurugenzi mkono wa kwanza, Otieno wa pili, na mimi wa mwisho. "Karibu, bosi," ukaniambia.

Hukukosea hata mara moja saa ile nzima, Mama. Mtu mmoja akaita kutoka nje, "Mama Muchiri, uko?" nikadhani nimefichuka. Lakini kazini wananijua kwa jina la ubatizo, Dennis, na hakuna aliyegeuka. Wewe ulijibu "Niko!" kisha ukaendelea kumweleza mkurugenzi kuhusu wale wanane wanaosimama. Otieno alitafsiri. Mkurugenzi alinitazama akitikisa kichwa kwa furaha, kwamba kweli nilichunguza vizuri.

Harufu ya viazi vya mukimo na kuku ilikuwa inapenya pazia la nyuma. Mkurugenzi akauliza ni nini kinachonukia hivyo. Otieno akakuuliza. Ukasema, "Ni ya majirani."

Nilijua sahani zilizokuwa nyuma ya pazia. Nilijua umetoa zile za maua zisizotumika. Nikageukia televisheni.

Ndipo mkurugenzi akaomba mimi na wewe tucheze, apige picha. Miaka yote hukuwahi kucheza, ulizishika rimoti wakati wa kuzipangusa tu. Ukanipa nzima, ukasema mgeni hapewi mbaya. Nilikufunga mabao matano, na kila mara mchezaji wako alikimbilia kona huku ukicheka. Mchezo ulipoisha ukanyoosha mkono, ukinipa ile mbovu. Sheria ilikuwa juu ya kichwa changu, kwa wino wako. Mimi nikaweka ile nzima kwenye benchi, nikaangalia saa, nikasema tutachelewa Nairobi.

Ulibaki umeishika. Ndiyo picha aliyopiga mkurugenzi. Iko ukutani pale ofisini, na chini yake imeandikwa "Mteja wetu, Chaka".

Ulinipigia simu siku ya pili. Nilitaka unikaripie. Ukaniambia chakula uliwapa majirani na hakikuharibika, nisiwe na wasiwasi. Nikasema, "Mum, nilikuwa kazini." Ukasema, "Najua, Baba. Kazi ni kazi." Nikashukuru Mungu kwamba yamekwisha, nikapanga kuja kukuomba msamaha Krismasi. Pressure yako ya damu haikungoja Krismasi. Ulianguka dukani ukikunja kebo, na nilipofika hospitali ya Nyeri walikuwa wameshakufunika.

Kuzika tulikuzika shambani, mlima ukiwa umejificha mawinguni siku nzima. Otieno alikuja peke yake kunifariji. Nilimwona akipokea programu ya mazishi getini, akiitazama picha yako kwenye jalada, akisimama. Alisoma mpaka pale palipoandikwa "mama mpendwa wa Dennis Muchiri". Baada ya kuweka maua kaburini akanijia.

"Kumbe ni yeye," akasema.

"Ni yeye."

"Na ulituambia ni customer."

Alinishika mkono muda mrefu, akasema, "Pole, ndugu yangu. Lakini hiyo chakula haikuwa ya majirani." Kisha akaenda kupanga foleni ya kunawa mikono. Hajalitaja tena. Angenipiga kofi ningepata nafuu.

Sasa mashine mpya iko tayari, Mama. Ina rimoti mbili katoni moja. Nyuma ina skrubu za kawaida, nimeifungua mwenyewe kwa bisibisi. Inacheza bila intaneti, na stima ikipotea inarudi palepale. Sijui kama kampuni itainuka. Watu walioondoka kwa hasira hawarudi kwa wiki moja, wewe mwenyewe ulisema ni kushika mkono mmoja mmoja. Mwezi ujao wanaizindua, na wameniomba nisimame nieleze wazo lilinijiaje.

Jana nilimwandikia mkurugenzi haya yote kabla ya kuyapeleka kwingine. Niliambatanisha ile sauti ya jikoni, kisu na jogoo na yote. Nilimwomba jina langu litoke kwenye mpango na lako liingie, na yale maneno chini ya picha yabadilishwe. Nilimwambia pia kuhusu yule mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuwako. Huenda nikafukuzwa. Otieno anasema hajui, pengine. Kama nitafukuzwa nitakuwa nimefukuzwa kwa haki, na sitakuja kwako kulalamika.

Lakini hilo haliondoi kitu. Nasoma haya yote na bado naona mikono yako ikijifuta kwenye sketi. Soko lote lilikuita kwa jina langu, mimi nilipewa jina la babako, na bado nilikukana mlangoni pako, kwa sauti, kwa lugha mbili.

Nilipokuwa naandika ukurasa uliopita waliingia vijana wawili wa bodaboda, wakauliza kama pamefunguliwa. Niliwasha mashine ya katikati. Mmoja alikuwa hana wa kucheza naye, mwenzake alikuwa anangoja abiria kwa simu, basi nikakaa naye. Nilishinda. Nikanyoosha mkono nikachukua ile mbovu, nikampa nzima. Raundi ya pili wachezaji wangu wote walikimbilia kona, akanifunga mabao manne, akacheka kwa nguvu. Alipoangalia katoni, kisha akaniangalia, aliuliza, "Kwani wewe ni nani wa Mama Muchiri?"

Nilimnyooshea ile mbovu, maana sasa yeye ndiye aliyeshinda.

"Mimi ndio Muchiri," nikamwambia. "Ni mamangu."

Mwanao, uliyemwita Baba,
Muchiri