Bafu Langu Siliwekei Mlango

Kambi ya mgodi, Walikale

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Papa na ng'ombe wote wa nyumbani. Goti lako limepoa? Yule mtamba mwekundu amezaa? Sisi huku tu wazima, ila miguu yangu imevimba na tumbo limeshuka, maana yake mtoto yu karibu.

Kaka alipita na lori la maharagwe akanipa maneno yako: hutakanyaga tena huku kambini, hata kwa uzazi huu, mpaka bafu liwe na mlango. Mama, nimesikia. Jibu langu ni hapana.

Najua ulivyoaibika. Mkwe kumkuta mama mkwe akioga si jambo dogo, na huko Masisi watalisimulia hadi kwa wajukuu. Lakini tuseme ukweli. Ukuta ule wa mianzi umejikunja kama konokono, aliye nje haoni kitu. Na desturi tunaijua toka utotoni: anayeoga hutundika kitenge chake pale pa kuingilia, na nguo hiyo ndiyo mlango. Wewe chako ulikiingiza ndani kwa kuwa kilikuwa cha kanisani, ukaogopa manyunyu. Mume wangu katoka mgodini na udongo mwili mzima, hakuona nguo, akaingia. Angejuaje? Uliondoka na lori la asubuhi bila hata kunywa chai. Naye mpaka leo akienda kuoga huanza kukohoa toka barabarani, majirani wanadhani ana kifua.

Usifikiri hatukujaribu. Kwa ajili yako aliunga mlango wa mbao za masanduku, akautia bawaba na komeo. Ulipendeza. Lakini huku si kwetu ambako upepo wa mlimani hukausha kila kitu. Huku mvua hainyeshi, inaishi. Mbao zikavimba. Siku moja nimemaliza kuoga, nasukuma, mlango hauendi. Nikasukuma kwa bega, tumbo likakataa. Nikaita. Wakaja wanaume waliokuwa wanatoka kazini, na shoka.

"Mama, vala kwanza nguo, tunapasula," mmoja akasema.

"Nguo iko inje," nikajibu. Nilikuwa nimeitundika upande wa nje wa mlango kwa mazoea.

"Basi usiogope. Hatukuangalie. Tunaangalia mulango tu."

Sasa niambie, Mama. Bila mlango, mimi nilionwa na nani? Na mlango upo, nimeonwa na nusu ya kambi. Nililia kwa hasira, kisha nikazichukua zile mbao nikapikia maharagwe. Yaliiva vizuri sana.

Sikatai kwamba bafu wazi lina ubaya wake. Asubuhi baridi inaingia bila hodi, na mbuzi wa jirani alikula dodoki langu wakati nina povu machoni. Lakini hewa inapita, mawe ya chini yanakauka, ukungu hauoti, na mwenye tumbo kama langu anaingia na kutoka bila kuomba ruhusa kwa komeo.

Mume wangu amesema utakapokuwa hapa atalala na kuoga kwa rafiki yake, upande ule mwingine wa kambi, mpaka urudi Masisi. Kwa hiyo sababu huna tena. Wasiotaka kuja hawakosi neno, lakini mlango siweki.

Nisalimie Papa, mwambie huku tunakunywa maziwa ya kopo na mwanawe anasononeka. Msalimie mdogo wangu anayechunga ndama, na shangazi anayekusomea barua hizi kwa sauti kubwa mno. Kaka naye, mwambie akibeba ujumbe asiutie chumvi.

Mama, nakuhitaji. Uzazi huu naogopa, na sijamwambia mtu mwingine. Lakini mtoto hatangoja tumalize ubishi wetu. Ataogeshwa mara ya kwanza mumo humo bafuni, pasipo mlango. Usipokuja, atakayemwogesha ni mama wa jirani, na mimi nitamfundisha mtoto kumwita yeye Bibi.

Ni mimi mwanao, niliyeurithi ukaidi kwako,
Furaha