Geti la Shule Hufunguliwa Jumapili Tu

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi mawingu na manyunyu kidogo.

Mshauri, shikamoo. Kuna jambo linanila na sina wa kumwambia. Miezi minne iliyopita tulihamia nyumba tuliyonunua pembezoni mwa mji, na mimi ndiye niliyeichagua, kwa sababu dalali alisema kila kitu kipo karibu, nami sikumwamini, nikaenda mwenyewe na saa mkononi nikapima kwa miguu, sokoni dakika sita, duka la dawa nne, zahanati tisa, nikaandika yote, na mume wangu, aliyekuwa akisitasita kwa ajili ya mama yake mwenye sukari na kidonda cha mguu, akasoma akasema, "Basi, mke wangu, umemaliza." Kumbe nilipima Jumapili, nikakatiza uwanja wa shule, na geti lile la nyuma hufunguliwa Jumapili tu, kwa wanaokuja kusali ukumbini, siku nyingine unazunguka ukuta mzima, dakika thelathini na tano kwa miguu yangu mizima.

Mama mkwe husafishwa kidonda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mwanawe, ambaye ni mwoka mikate na hutoka alfajiri, akimuuliza jioni hujibiwa, "Wamenisafisha vizuri." Jana niliwahi kutoka kazini, nikamkuta kwenye benchi la fundi viatu, mbele ya geti lililofungwa, bandeji imebadilika rangi.

"Mama, zahanati vipi?"

"Zahanati ipo, mwanangu. Miguu ndiyo haipo."

Fundi akacheka. "Bibi huyu mteja wangu wa kukaa tu. Wiki ya tatu hii, hajaleta hata ndala!"

Mama akanishika mkono. "Usimwambie mwanangu. Nyumba umeipenda, jiko zuri umelipata. Mimi nitavumilia."

Nikamrudisha nyumbani polepole. Nikisema, mume ataona nilimdanganya. Nikinyamaza, nauona mguu unavyovimba. Nifanyeje? Naweka kalamu chini saa tatu na dakika ishirini, nalala.

*

Marahaba, mdogo wangu. Kupima siku isiyofaa kungeweza kunipata hata mimi. Lakini uligundua lini kwamba geti hufungwa? Hukuandika, wewe unayeandika kila kitu. Nadhani ni wiki ya kwanza. Hapo ndipo kosa lilipogeuka siri, na mkwe wako anakusaidia kuibeba kwa mguu mgonjwa.

Pole nimekupa; sasa sikiliza. Mwambie mume wako leo, kabla hajavua viatu: "Nilipima Jumapili. Mama hajafika zahanati wiki tatu." Atafoka, mwache afoke. Wala usiangue kilio mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Kisha iteni teksi, na daktari mwenyewe autazame mguu huo. Mama akisema atavumilia, mwambie kwa heshima kwamba hilo hakuulizwa.

Baadaye nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu, mwombe geti lifunguliwe asubuhi tatu kwa wiki. Akikataa, teksi iwe ya kudumu. Mkishindwa na hilo, ipangisheni nyumba, jiko na vyote, mhamie karibu na zahanati.

Barua yako ilipangiwa gazeti la leo, Jumamosi. Nilikupigia Alhamisi kwa namba iliyo nyuma ya bahasha nikakusomea majibu haya, maana mguu hausubiri gazeti. Wengine ndio kwanza wanayasoma. Mama yako awe ameshaonwa.