Orodha ya Mahudhurio ya Skimu Yetu

Makutupora,
Jumamosi asubuhi.

Dada Sesilia,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba kwa jina la marehemu mama: ukimaliza kusoma, barua hii itie jikoni iungue, na neno lililomo lisitoke kinywani mwako, hata kwa shemeji. Natumaini imekukuta mzima na kifua cha Baba kimepoa. Mimi nipo hai. Usishangae mwandiko, natumia mkono wa kushoto.

Dada, kosa ni langu. Mliponiletea ofisini malalamiko ya skimu yetu ya umwagiliaji, kwamba mgodi wa makaa ya mawe unasukumia maji ya shimoni mtoni, juu ya banio letu la kuingizia maji mferejini, ni mimi niliyekwambia barua haitapokelewa bila muhtasari wa mkutano na orodha ya mahudhurio: majina kamili, sahihi, namba za simu. Nilitaka jalada likamilike, asitokee wa kulirudisha. Kisha likaja agizo la kawaida, mgodi upelekewe nakala utoe maoni. Nikatoa nakala ya kila ukurasa, na orodha nikaibana humo humo, kama wanavyotufundisha masjala. Sikufikiri ni nani atakayeisoma.

Jana nimetoka kazini, jua bado kali, nikakuta wanaume wawili wamekaa kitandani kwangu pale Ihumwa. Mmoja, mnene, alikuwa anatafuna karanga zangu.

"Karibu, karani," akasema. "Funga mlango, vumbi lenu la Dodoma linaniumiza macho."

Akakunjua karatasi. Ilikuwa orodha yenu. Niliutambua mwandiko wako, wewe katibu wa skimu. Majina mawili ya juu yalikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

"Mwenyekiti tumeshamsalimia. Meno yake ya mbele hayakuitikia vizuri. Mgawa maji naye siku hizi anafungua mfereji kwa mkono mmoja. Haya, chupa ziko wapi?"

Alikuwa anazitaka zile ulizoteka siku maji yalipoingia majarubani na rangi ya kutu, mpunga ukaungua ncha. Unajua wapimaji wanavyokuja: kwa taarifa, na pampu za mgodi huzimwa siku mbili kabla. Bila chupa zako, maji yetu ni safi kwenye kila karatasi.

Nikasema sijui. Yule wa pili, asiyesema, alinipiga ngumi ya sikio nikaangukia jiko la mafuta ya taa, akanikanyaga shingo. Mnene akaushika mkono wangu wa kulia, akaupanga kwenye fremu ya mlango taratibu kama fundi anayepima ubao, akaubamiza mlango. Nilisikia vidole vikivunjika kabla ya kusikia maumivu.

"Huu ndio unaogonga mihuri?" Akabamiza tena.

Mara ya tatu nilikutaja. Nilisema chupa anazo dada yangu, ghalani, chini ya magunia ya mbegu. Nakuandikia wazi kwa sababu nikificha utachelewa kuondoka.

"Jumatatu basi," mnene akamwambia mwenzake. "Siku ya gulio. Majirani watakuwa sokoni."

Wakaendelea na mateke mpaka mwenye nyumba wangu, Mama Mazengo, alipotokea na mchi wa kinu.

"Nyie! Mnaniulia mpangaji?"

"Mama, rudi ndani. Haya ni mambo ya ofisi."

"Ofisi imehamia chumbani kwangu tangu lini?"

Akamshushia mnene mchi mgongoni, huku akipiga yowe. Majirani wakatoka na fimbo. Yule bubu alipasuliwa kichwa, damu ikamfunika jicho, wakakimbilia pikipiki yao. Wameondoka na orodha na simu yangu. Namba yangu ikikupigia, usipokee. Namba yako sikuwahi kuikariri, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa basi wa kwetu akufikishie kesho mkononi.

Kesho hiyo hiyo, ukitoka misa, ondoka na Baba. Atakataa kuuacha mpunga. Mwambie nimemwomba kwa magoti. Chupa zifunge kwenye khanga, zichimbie ndani ya unga. Usizifungue hata kidogo, na karatasi za tarehe zisibanduke. Bibi msalimie, mwambie nimepandishwa cheo ndiyo maana sionekani. Mke wa mwenyekiti sijui nimsalimieje. Mpe pole, usimwambie imetoka kwa nani.

Mkifika Dodoma, stendi msiulize mtu kitu. Pandeni gari la Makutupora, kisha ulizeni shamba la zabibu la kaka yake Mama Mazengo, ndiko alikonificha. Huu ni msimu wa kupogoa, vibarua ni wengi, sura ngeni haigeuziwi shingo. Jina langu msilitaje. Semeni mmemletea dawa mgonjwa wa mkono. Ukija na hasira, dada, njoo nazo. Nashinda nyuma ya kibanda cha pampu, na tangu jana nikisikia hatua nakimbia kabla sijaangalia. Ukiniona nakimbia, niite kama ulivyokuwa ukiniita nikiwa mdogo, nitasimama.

Mdogo wako unayemjua.