Mstari wa Kumi na Saba

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya ishirini na mbili. Mama kanikanda maji moto tangu asubuhi, mgongo unawaka. Uji wa pilipili manga. Siti amenyonya, kacheua, kalala. Mlangoni sitoki mpaka arobaini zitimie.

Jana Baba Siti alikuja kutoka Msambweni anakofundisha, na karatasi zake za chuo. Nyota tena. Nyota ndogo nyeupe, nzee, zinazopasuka. Anataka kujua mabaki yake hurushwa kwa kasi gani, na kila moja ilikuwa katika galaksi ya namna gani. Galaksi huziita nyumba, ili nielewe. Kasi alikwisha kuziingiza kwenye kompyuta. Mimi nikamsomea nyumba, mstari kwa mstari, naye akiziingiza, mtoto ziwani, na kila nikisoma natia alama ya penseli. Niliishia kidato cha pili, lakini nilisoma vizuri. Nilijiona mtu.

Jumatano, 16 Julai

Amepita kuaga, anakwenda Nairobi. Jumatatu atasimama mbele ya walimu wake. Furaha hii sijaiona tangu Siti azaliwe. Wenzake wameandika kwamba nyota zenye kasi sana hupatikana zaidi katika nyumba kubwa. Jedwali lake linasema sivyo, kubwa na ndogo zote sawa. "Mama Siti, nimeona wasichokiona!" Akambusu mtoto, nusura anibusu na mimi mbele ya mkwewe. Mama akatazama makuti.

Alhamisi, 17 Julai

Karatasi aliniachia. Leo nimezitoa nizitazame tu.

Mstari wa kumi na saba hauna alama. Wa sitini una mbili.

Nimekumbuka. Siti alilia, nikaruka mmoja. Baadaye nikambadilisha ziwa, nikasoma mwingine mara mbili. Mwishoni hesabu ikatimia, nani angeshuku? Kati ya hapo kila nyumba imepanda mstari mmoja: nyota arobaini na tatu nimezitia nyumba za jirani.

Furaha yake yote ni kosa langu. Nimelia mpaka maziwa yamekataa kushuka.

Ijumaa, 18 Julai

Hapa kwetu Mkongani simu haishiki mtandao mpaka upande kilimani. Nimemwomba Mama nitoke mara moja tu.

"Mzazi utoke, upigwe na upepo, halafu watu niwaambie nini? Kwa sababu ya nyota?"

Nikasema ni kazi ya mume wangu.

"Si wasema zilipasuka zamani? Sasa zina haraka gani?"

Nikinyamaza, atabaki na furaha yake. Walimu wakigundua, wataona amebuni. Nikisema, namvunja mimi mwenyewe. Hakuna njia isiyomuumiza.

Jumamosi, 19 Julai

Mama kaniona sili. Kashika simu, ujumbe nilikwisha kuuandika humo, kapanda na goti lake bovu. Karudi adhuhuri. Umekwenda. "Nimeiinua juu mpaka mbuzi wananicheka." Jibu hakuna. Mungu ambariki mamangu.

Jumatatu, 21 Julai

Ndiyo leo. Saa nne atasimama. Saa nne imefika, nimekaa kitandani, Siti ananyonya. Sina la kufanya. Dua tu.

Mama kapanda tena alasiri. Hakuna kitu.

Ijumaa, 1 Agosti

Arobaini. Siti kanyolewa, katolewa nje, kalikunjia jua uso.

Baba Siti kaja. Ujumbe aliusoma amekaa nje ya ukumbi anangoja kuitwa. Kaingia, kawaambia jedwali lina makosa. Wamempa muda arudie. Hakuwaambia kosa la nani. Mbona hakujibu? Kasema hakujua aandike nini. Hakunilaumu. Hakucheka pia.

Wageni walipoondoka akafungua kompyuta. Nilidhani ataniomba karatasi asome mwenyewe. Akanyoosha mikono, akampakata Siti.

"Haya, Mama Siti."

Nikachukua penseli. Kumi na saba, nikasema. Nyumba kubwa.